Majivu Mlangoni

Arua, 6 Agosti 2023

Shangazi Madina mpendwa,

Nakusalimu, na wote wa hapo Koboko, na kaburi la baba nalisalimu pia kupitia kwako, maana najua ndiwe unayelifagia.

Sisi tu wazima kwa kiasi. Annet ametimiza miezi minne. Anacheka akiona mbuzi na kununa akiona watu. Moris, mume wangu, anasema hiyo ni dalili kwamba binti yake atakuwa mfanyabiashara. Mimi nimerudi shuleni kufundisha. Mtoto anashinda kwa jirani yetu Concy, nami saa saba narudi mbio kumnyonyesha, chaki bado mikononi.

Draku wa teksi ameahidi kukupa barua hii mkononi. Najua simu haikufai tangu masikio yako yalipofunga, na najua hupendi mtu mwingine akusomee maneno yako. Basi tuandikiane kama watu wa zamani.

Shangazi, ninaogopa. Jumanne mchana nilimlaza Annet kitandani nikatoka kuanua nguo. Nikasikia kilio ambacho sikukijua. Siafu walikuwa wamepanda kwa mguu wa kitanda. Walikuwa nyuma ya sikio lake, kwenye mikunjo ya shingo, kwapani. Niliwang'oa mmoja mmoja. Mwili ulikatika, kichwa kikabaki kimeuma ngozi. Vichwa kumi na tisa niliviondoa kwa kucha.

Tangu siku ile sina utulivu. Nikiwa darasani nafafanua ngeli za majina, macho yangu yanatafuta mstari mweusi sakafuni. Moris anataka kuleta dawa ya duka. Nimemwambia asubiri mpaka nikusikie wewe, kwa sababu nyumba yako ndiyo pekee niliyoijua isiyo na mdudu. Nakumbuka ule mstari wa majivu mlangoni tuliokatazwa kuukanyaga. Nakumbuka pia miaka ya kabla ya majivu, mimi na mwanao Yakani, Mungu amrehemu, tumelala kifudifudi sakafuni kwako, tukiwapa sisimizi sukari chembe moja moja na kubishana nani ana nguvu kuliko mwenzake.

Niambie nifanye nini.

Binti wa kaka yako,
Ayikoru


Koboko, 12 Agosti

Bismillahi.

Kwa Ayikoru, mtoto ya kaka yangu. Salamu nyingi. Mimi iko salama. Saturnino, mjukuu yangu, iko salama, anakula kama jeshi mzima. Kaburi ya baba yako iko safi. Kiswahili yako ya shule ni ndefu kama barabara ya Oraba, nilisoma mara mbili. Mimi naandika ile ya kambi ya jeshi, ile marehemu Sajini Amandu, bwana yangu, alinifundisha. Utavumilia.

Sikiliza. Siafu hana ubaya na wewe. Yeye ni msafiri. Akiingia, chukua mtoto, toka nje, kaa, ngoja. Atakula mende, atakula kunguni, atakula mayai ya panya, halafu ataondoka bila kuaga. Usipigane na yeye, utapotea wewe.

Kitanda, sogeza mbali na ukuta. Miguu yake ine weka ndani ya makopo, tia maji na mafuta ya taa kidogo juu yake. Neti isiguse chini. Shuka isiguse chini. Mdudu hapandi hewa.

Sisimizi ile ndogo anafuata harufu ya mwenzake. Ukiua kumi bila kupangusa njia, kesho ishirini. Pangusa na sabuni na ndimu. Halafu majivu ya jiko, ile laini, chunga na chujio, mwaga mlangoni na dirishani. Mvua ikilowesha, mwaga tena. Pilipili usichome, mtoto iko mdogo, kifua yake itafunga. Majani ya muarobaini chemsha, pigia deki.

Dawa ya duka usiweke. Ya unga, ya maji, ya kidonge, yote. Hata moja. Mwambie Moris ni mimi nimesema.

Shangazi yako,
Madina


Arua, 27 Agosti

Shangazi yangu,

Barua yako imefika, na makopo nimeyapata pia, mawili Concy alinipa. Nakusalimu na kukushukuru. Wanafunzi wangu wanakaribia mitihani, mama yangu amepona goti, na Annet ameanza kugeuka mwenyewe.

Dawa zako zinafanya kazi. Moris aliamka akaingiza mguu ndani ya kopo, akatukana kwa lugha tatu. Na siafu walirudi kweli, Alhamisi. Nilifanya ulivyosema. Nilitoka na mtoto, nikakaa kwa Concy saa mbili nzima. Concy alinicheka: "Mwalimu, umewapa ratiba? Watamaliza saa ngapi?" Waliondoka saa kumi, kama ulivyosema, bila kuaga. Nyuma yao hapakuwa na mende hata mmoja. Siku hizi sisimizi wachache tu ndio wanaopita chini ya ukuta wa chumba chetu, na nimewaachia njia hiyo moja, mbali na kitanda. Sijui kwa nini. Labda kwa ajili ya Yakani.

Lakini kuna jambo jipya. Paa la stoo ya Moris linavuja, naye ameleta magunia kumi na manne ya maharage kutoka Vurra na kuyapanga katika chumba cha ndani, ukuta kwa ukuta na chumba tunacholala. Yana fukusi. Ukisimama kimya unawasikia wanavyotafuna. Moris anasema amepata vidonge vya kuweka katikati ya magunia, wafanyabiashara wote wanavitumia. Nimemkumbusha neno lako. Ameniuliza sababu, nawe sababu hukunipa. Je, wewe maharage unayatunzaje?

Na niruhusu niulize jambo lingine. Hukumtaja Yakani katika jibu lako. Nilikuwa na miaka sita alipokufa. Nakumbuka kelele, nakumbuka watu wakikimbilia nyumba ya jirani yako, Mama Candia, kwa kuwa ndiye aliyeleta uji jioni ya jana yake. Nakumbuka mabati yake yaking'olewa, sauti ile ya misumari. Sasa mimi ni mama, na kila Concy anapompa mwanangu kijiko cha kitu namtazama mkono, kisha naona aibu. Je, ni kweli yule mama alimpa sumu?

Wako,
Ayikoru


Koboko, 17 Septemba

Kwa Ayikoru. Salamu. Barua yako imekaa hapa kidogo, nilikuwa na mafua. Saturnino amepita mtihani. Mvua iko nyingi, muhogo inaoza.

Maharage, anika juu ya turubai siku mbili jua kali. Fukusi hapendi jua, atatoka mwenyewe. Chekecha. Halafu changanya na majivu ya magunzi na majani ya muarobaini kavu, funga gunia sana. Mende, weka majani ya mchaichai kabatini. Panya, ziba shimo na chupa iliyovunjwa na udongo. Ile vidonge, kama Moris iko nayo, apeleke mbali, mutu asilale karibu. Kunguni, mwaga maji moto kwa mbao ya kitanda, anika godoro.

Jambo ya Yakani Mungu alifunga. Wewe ulikuwa mtoto. Yule mama aliondoka zamani, usiandike jina yake kwa barua, Saturnino anasoma.

Kaa salama.
Madina


Arua, hospitalini, 27 Septemba

Shangazi,

Nakusalimu. Leo sina habari za nyumbani, kwa kuwa siko nyumbani.

Jumamosi ilinyesha tangu alfajiri. Madirisha yote tulikuwa tumeyafunga. Moris alikuwa ameondoka kwenda Vurra. Nilimlaza Annet saa nne hivi, makopo yakiwa na maji, neti imechomekwa vizuri, kila kitu kama ulivyoagiza. Mimi nikakaa barazani kusahihisha mitihani. Nilikuwa mtulivu, Shangazi. Kwa mara ya kwanza tangu Agosti nilikuwa mtulivu.

Niliingia kuchukua kalamu. Nikaangalia chini ya ukuta, kama ninavyoangalia siku zote. Mstari wa sisimizi ulikuwepo, ila hautembei.

Niliinama. Hawakuwa wametawanyika kama unapowamwagia kitu. Kila mmoja alikuwa mahali pake, nyuma ya mwenzake, na wengine bado wamebeba chembe zao. Wamekufa wakiwa safarini.

Nilisimama pale kwa muda ambao sitajisamehe. Nilikuwa nimeshawahi kuuona mstari ule. Nilikuwa na miaka sita, asubuhi, nimeingia chumbani kumwamsha Yakani tukacheze. Sisimizi wetu walikuwa wamelala chini ya kitanda chake kwa mstari mmoja. Niliwagusa kwa unyasi wa ufagio. Nikamwambia, "Yakani, amka, wadudu wako wavivu kama wewe."

Ndipo harufu ikanifikia. Kama kitunguu saumu kilichooza. Na harufu hiyo pia niliijua.

Annet alikuwa ametapika. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu, shingo yake haikushika kichwa. Sikumbuki mlango. Nakumbuka mvua usoni, na Concy amepanda bodaboda nyuma yangu akipiga kelele, "Mpulizie! Mwalimu, mpulizie!" Daktari aliniuliza, "Ndani ya nyumba kuna nini?" Nilijibu kabla hajamaliza swali. Alisema nusu saa zaidi, angekuwa anaandika cheti cha kifo.

Yuko hai. Siku ya nne leo. Anapumua kwa kelele ndogo, nami nimelala na mkono juu ya mbavu zake, nikingoja kila pumzi kama mtu anayesubiri hukumu.

Moris aliweka vidonge Ijumaa mchana; daktari anasema vikipata unyevu hutoa hewa ya sumu. Alifunga mlango wa chumba cha ndani akadhani mlango unatosha. Unajua nafasi iliyo chini ya mlango ule? Kidole changu kinapita. Nilimsomea barua yako yote, alicheka akasema, "Shangazi yako anaogopa hata dawa ya kikohozi. Mvua ikikatika nitaanika." Sasa amekaa kwenye benchi nje ya wodi tangu Jumapili. Simtetei. Lakini nimeisoma tena barua yako hapa, mara nyingi. Umeitaja hatari hiyo katikati ya mende na panya, kwa sauti ya mtu anayekumbusha kununua chumvi. Ungesema tu kwa nini. Sentensi moja.

Mama Candia hakumpa Yakani kitu. Wewe unajua. Ulijua tangu zamani. Niambie.

Ayikoru


Koboko, 20 Oktoba

Ayikoru, mtoto yangu.

Draku aliniambia kwa mikono kwamba mtoto ametoka hospitali. Nilianguka chini hapo steji ya teksi, watu ikafikiri ni kifafa. Alhamdulillahi. Alhamdulillahi.

Nitaandika mara moja, sitasoma tena, kwa sababu nikisoma nitachoma. Ile barua yako ya maharage haikukuta mafua. Ilikaa chini ya godoro yangu. Mara tatu niliandika jibu, mara tatu nilichoma kwa jiko. Saturnino aliona nalia, akaandika kwa mchanga, Bibi, nimpigie Ayikoru simu? Nikasema hapana. Ningempa maneno gani, mutu mdogo, abebe? Halafu nikaandika ile ya mende.

Ni mimi. Sajini alileta vidonge kutoka rafiki yake, ya kuweka kwa magunia ya mtama. Niliweka kwa mtama, ile chumba ya nje. Ikabaki mbili. Yakani alikuwa analia kila siku, kunguni inamla, mgongo yote vidonda. Mimi nikafikiri, kitu inaua fukusi, itaua kunguni. Nikaweka mbili ndani ya kikopo, chini ya kitanda yake. Ilikuwa mvua. Nikafunga dirisha asipate baridi. Nikamfunika vizuri. Nilimwambia, leo utalala, mtoto yangu, hakuna kitu itakuuma.

Wewe ulikuwa kwa bibi yako usiku ule, ndiyo maana uko hai.

Asubuhi nilitupa kikopo kwa choo kabla watu kufika. Nilikuwa naogopa Sajini. Halafu watu ikaja, ikauliza, jana alikula nini, mkono ya nani? Mtu mmoja akasema uji. Mimi sikusema ni uji. Mimi sikusema kitu. Watu ilinitazama mimi, mama ya maiti, nikanyamaza, na kunyamaza yangu ikang'oa mabati ya Mama Candia. Alipita mbele ya mlango yangu na watoto wane na sufuria moja. Akaniangalia tu. Iko Omugo, nilisikia, miaka ishirini sasa.

Siku ile ndiyo nilianza kumwaga majivu. Hapakuwa na siafu.

Kwa mdomo moja ile ile imefungwa, kidogo niue mtoto ya pili. Sasa unajua. Kama hutaki kuniita shangazi, usiniite.

Madina


Arua, 2 Novemba

Shangazi,

Bado nakuita hivyo. Sikujua kama ningeweza mpaka nilipoandika neno lenyewe.

Annet anapumua vizuri. Anaanza kukaa, akianguka anacheka. Maharage yote Moris ameyarudisha stoo, na yeye mwenyewe amepanda juu ya paa na nyundo. Anamwambia kila mfanyabiashara anayekutana naye, hadi wanamkimbia. Vile vidonge vilivyobaki tulimpelekea afisa wa kilimo aviharibu, na nyumba tuliiacha wazi siku nyingi kabla ya kurudi.

Mimi siko sawa. Naamka kumsikiliza. Mchana namwacha mwalimu mwenzangu darasani, nakimbia nyumbani kuhakikisha. Nimeosha sakafu mpaka saruji inabanduka. Nilipoisoma barua yako nilikuwa na hasira kwa siku tatu, na siku ya nne nikaelewa kitu kilichonitisha kuliko siafu: kwamba ningekuwa wewe, na kikopo mkononi, na watu mlangoni, sijui ningefanya nini. Najidai kuwa najua. Sijui.

Ila yule mama ana miaka ishirini ya kitu ambacho si chake. Nenda Omugo. Nitakutana nawe Arua na kukufikisha mpaka kwake, kwa kuwa husikii na njia ni mbaya wakati wa mvua. Nitakuandikia atakayoyasema. Lakini maneno ya kwanza ni yako, siyasemi mimi.

Ayikoru


Koboko, 17 Novemba, Ijumaa

Bismillahi.

Ayikoru, mtoto yangu. Salamu kwa Moris, salamu kwa Concy, mpe Annet busu kwa shingo, hapo siafu walimuuma.

Ile karatasi uliandika pale Omugo, nimeiweka hapa mbele yangu. Wewe uliona uso ya Mama Candia, mimi niliona pia, lakini naendelea kusoma maneno. Nilipomaliza kusema, hakunipa kiti. Aliendelea kuanika udaga wake, ile muhogo kavu. Nikafikiri hajasikia, kama mimi. Halafu aliongea, wewe ukaandika: "Hapa Omugo hakuna anayeniita mchawi. Hapa mimi ni mama ya watu. Umekuja kusafisha nyumba isiyo na uchafu. Rudi Koboko, useme kule ulikonyamaza."

Na chini yake umeandika kwamba tulipofika njiani alimtuma binti yake atukimbilie na maji ya kunywa. Nayo nasoma sana. Sijui ni msamaha. Pengine ni maji tu.

Basi leo, baada ya sala, wazee ya ukoo na majirani wote nimeita hapa kwangu. Sikuwaambia kwa nini. Wanafikiri nagawa shamba. Shakira, mke ya imamu, amepika chai. Saturnino nimemweleza jana, peke yake, kwa mchanga, nikifuta kila mstari. Akaandika, Bibi, nitakaa karibu na wewe. Yeye ataniambia kama watu inapiga kelele.

Naogopa. Wale waliong'oa mabati, watatu bado wako hai, wamekaa mbele. Mikono yao nimeiona. Inaweza kung'oa tena. Nimefunga nguo mbili na sufuria moja ndani ya kitenge, nimeweka nyuma ya mlango, kwa sababu yeye pia aliondoka na sufuria moja.

Draku anasubiri barua hii hapa nyuma ya nyumba, akiichukua ndiyo nitasimama mbele yao. Sisikii kitu, lakini kwa dirisha naona midomo yao imeacha kutembea. Wananingoja.

Asubuhi nilifagia kizingiti na maji mengi. Leo mlango yangu haina majivu. Mwenye kuingia, aingie.

Shangazi yako,
Madina